Shimo la Pembea Kubwa

Mimi Swaumu sioni haya kusema: niliitaka ile pembea kuliko kitu chochote. Mwaka 1968 Anselmi, mpima ardhi kutoka Kibaha, alikuja kijijini kwetu Masaki, siyo ile Masaki ya Dar, na mchoro wake akautandaza barazani kwetu. Bustani ya starehe, alisema. Watu wa Dar watakuja Jumapili. Katikati itasimama pembea ya duara, ndefu kuliko mnazi, inakupandisha mpaka unaiona bahari. Mwenzenu nikajiona nimeshapanda.

Tatizo lilikuwa mikorosho ya mama. Pembea ilipangiwa palepale penye mikorosho kumi na minne aliyoipanda baada ya kufiwa na mume, na ndiyo iliyotulisha na kutuvisha. Mama, Mwanakheri binti Pazi, alikwenda kulalamika kwa mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa asizuie maendeleo. Akarudi, siku mbili chakula hakipiti. Na mimi, mtoto gani sijui, nikamwambia anang'ang'ania miti mizee. Naona aibu mpaka leo.

Siku ya tatu vijana walichimba shimo la msingi katikati ya mikorosho. Miti yenyewe ingekatwa kesho yake. Walipokwenda kunywa uji, mama akateremka shimoni, akalala chali, kanga usoni. Mwenyekiti akaja akafoka weee, mama akaivuta kanga vizuri. Nilidhani kapata wazimu.

Anselmi alichungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Alielewa kabla yetu sote. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, ni watani. Na kwenye msiba mtani huweza kuingia kaburini akalala humo, hatoki mpaka wafiwa wampe anachotaka. Kumkasirikia ni mwiko. Kumtoa kwa nguvu ndiyo kabisa.

"Haya, mtani, umenipata," alisema. "Unataka nini?"

"Mikorosho yangu," mama akajibu chini ya kanga. "Yote. Na useme mbele ya watu hawa."

Hapo kicheko kikamwisha. Alimtazama mwenyekiti, akautazama mchoro uliopitishwa na wakubwa zake. Kazi yake ingeweza kuota mbawa, na alijua. Kisha akasema kwa sauti kwamba mikorosho ni ya mama, haiguswi. Akatoa penseli, akaihamishia pembea kwenye mteremko wa mawe, ndipo akampa mama mkono atoke.

Mchoro mpya ukarudi ofisini, ukakaa huko mwaka, ukakaa miwili. Pembea haikujengwa mteremkoni wala popote. Nililia, sikatai.

Msimu wa mwaka huo wa pili ulipofika tuliokota korosho wawili, mimi na mama, na zilikuwa nyingi mwaka ule. Roho yangu ilikuwa imetulia, nikamwomba radhi. Nikamwambia sasa naelewa kwa nini yeye hakuitaka pembea.

"Nani kasema?" aliniuliza, bila kuinua uso. "Nilitaka kuipanda kuliko wewe."