Upande wa Jua

Kwa miaka arobaini Mzee Ovila Poulin alikuwa akitoboa miti yake ya mepo ili impe maji matamu ya kuchemshwa yawe shira, na kwa miaka yote hiyo alijua sehemu moja tu ya mti: upande wa jua, usawa wa mkanda wa suruali yake. Wenzake pale vilimani Beauce walihamisha shimo kila mwaka, wakilizunguka shina. Ovila hakuzunguka. Kuzunguka mti, alisema, ni kazi ya mbwa anayetafuta pa kukojolea.

Sasa miti ilikuwa haitoi maji, na lawama zote akaitupia miti. Imezeeka, imekuwa mivivu. Akamwita Philémon, mnunuzi wa magogo, aje siku ya Pasaka na kopo lake la rangi nyekundu, aiwekee alama ya kukatwa.

Habari hiyo ilimchoma Solange, binti yake. Alikulia katika msitu ule na hakuwa na kitu kingine alichokipenda hivyo. Machi ilipoingia alimfuata baba yake kwenye theluji, amebeba ndoo, akiitazama keekee, chuma cha kutobolea, ikizama shinani. Maranda yaliyotoka yalikuwa ya kahawia, makavu.

"Baba, hapo pamekufa. Gome limeziba kovu, lakini ndani hapapiti maji tena. Hamia nyuma."

"Nyuma kuna nini? Kivuli! Umeona wapi maji yakatoka kivulini? Au umeyasoma kwenye simu yako?"

"Tazama maranda tu, Baba. Yakiwa meupe—"

"Solange, mimi nimetoboa mepo wewe hujaota meno. Lete mrija, acha mdomo."

Akaleta mrija. Hasira akazimeza.

Mungu ana huruma: siku ya pili Ovila alishikwa na mafua, yale ya wanaume, ya kuandikiwa wosia. Akalala siku tatu akiugulia na kudai supu ya njegere kila saa. Solange akampikia sufuria nzima, akachukua keekee, akapanda mlimani. Miti mia mbili iliyosalia akaitoboa kwa nyuma, juu kabisa ya usawa wa mkanda wa baba yake, na kila mara aliyakinga maranda kiganjani. Meupe. Meupe tena. Kwenye mti wa kumi alijikuta anacheka peke yake.

Ovila alipopona akaenda kukagua.

"Umeivalisha miti yangu nguo kinyumenyume!" Alitaka kuitoboa upya, ila ndoo zote zilikuwa zimeshatundikwa. Akamnyang'anya keekee. "Ngoja uone aibu."

Kukawa na usiku wa baridi kali na mchana wa joto, hali inayoyasukuma maji ndani ya mepo. Ndoo za Solange zikafurika. Za Ovila zikalowa kitako tu.

Siku ya Pasaka majirani walijaa katika kibanda cha Ovila cha kuchemshia shira, wakila maharage, na mayai yaliyoogeshwa shira. Keekee ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya kiti cha Ovila. Philémon akaingia na kopo lake.

"Mzee Ovila, nasikia vikongwe vyako vimefufuka! Imekuwaje?"

Solange akamtazama baba yake, akingoja japo neno moja.

Ovila akapangusa masharubu, akachungulia dirishani, akatangaza bila haya:

"Jua limehama."

Watu wakaziinamia sahani zao, mabega yakitikisika. Solange ilimuuma, ilimuuma sana. Mtu huyu alikuwa radhi kulisogeza jua kuliko kuisogeza keekee! Kisha akaona mlango ambao mzee ameufungua bila kujua.

"Kweli, Baba," akasema, mpaka walio nje wakasikia. "Na likishaanza kuhama, litahama kila mwaka. Lazima awepo mtu wa kulifuata, mwenye miguu ya kuzunguka." Akanyoosha mkono. "Nipe keekee."

Ovila akawatazama majirani. Wote walikuwa wakiitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Jua la siku hizi halieleweki kabisa," Philémon akasema, akilisukuma kopo lake chini ya benchi.

Mzee akaitungua keekee, akampa binti yake, kisha akaomba aongezewe shira.