Maji Yapo, Chumvi Ipo

Jua hufika bustanini mwangu saa sita mchana na kabla ya saa nane limeshaondoka, kama mgeni aliyetumwa kusalimia tu. Asubuhi yote huzuiwa na nyumba ya shemeji yangu, ghorofa tatu. Alasiri hujificha nyuma ya paa langu mwenyewe, na kwa hilo siwezi kumlaumu mtu.

Kamba ya kupimia msingi wa nyumba ile niliishika mimi. Fundi alikuwa mwisho mmoja, mimi mwisho wa pili, na shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, alisimama katikati akitabasamu. "Usihofu, shemeji," aliniambia. "Ukuta hauli udongo wako." Nikacheka. Nikawapikia na chai. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kwenda: kila nikiifungulia mlango, hurudi kulala kwangu.

Mchicha wa bustani hiyo ndio uliotulisha, mimi na binti yangu, tangu tulipomzika baba yake. Ukuta ulipokamilika, mchicha ukaanza kurefuka. Mwanzoni nilifurahi, mjinga mie. Kisha nikaona shina limekuwa jembamba kama uzi, majani yamepauka, na matuta mazima yamelalia upande mmoja. "Mama, huu mchicha una homa?" wateja wakanitania, halafu wakanunua kwingine.

Shemeji akaniletea mbolea. Lori zima la samadi lilimwagwa langoni, mchana kweupe, majirani wakishuhudia. Mwezi uliofuata akaleta lingine. Watu wakasema nimepata shemeji mwenye utu, siku hizi nani anamkumbuka mjane? Nami nilipothubutu kumwambia kuwa mchicha bado unanyong'onyea, alifungua mikono kama mtu aliyedhulumiwa. "Maji unayo, mbolea unayo. Unataka nini tena, shemeji?"

Nilisema ahsante. Kwa kila lori nilisema ahsante, na malori yalikuwa sita.

Ni binti yangu aliyenifumbua macho, daftari la shule likiwa magotini.

"Mama, mbolea siyo chakula cha mmea."

"Ni nini basi?"

"Mizizi inanyonya maji na madini tu. Chakula chenyewe mmea unajipikia, kwenye majani. Jua ndilo moto wake." Akafikiri kidogo. "Mbolea ni kama chumvi. Bila chumvi chakula hakiwi chakula, lakini chumvi haiivishi kitu."

Nikatoka nje nikautazama ukuta. Mwaka mzima nilikuwa natia chumvi kwenye chungu kisicho na moto, nikimshukuru aliyeuzima.

Jumapili moja wakaja, shemeji na dada yake mkubwa, na karatasi ndani ya bahasha. Wifi ndiye aliyeanza, kwa sauti ya msibani. "Wifi, tunakuonea huruma. Ardhi imechoka. Mdogo wangu yuko tayari kuichukua hivyo hivyo ilivyo, wewe na mtoto mkatafute pa kujisitiri."

"Ardhi haijachoka," nikasema.

"Mbolea malori sita, wifi! Na bado?"

"Tule kwanza. Mtu hajadili mambo mazito na njaa."

Nilikuwa nimetandika meza vizuri, kitambaa cha harusi yangu, vijiko vinang'aa. Nikawapakulia kila mmoja bakuli lililojaa. Wifi akapiga kijiko kimoja, akatafuna, jino likagoma. Akatemea kiganjani. Maharage mabichi, yamezama kwenye maji baridi ya chumvi.

"Haya si mabichi haya!"

"Maji yapo," nikasema. "Chumvi ipo. Mnataka nini tena?"

Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo wiki nzima, nikiyanoa. Nilidhani yakimfikia, shemeji atashtuka, atatazama dirishani, aelewe alichonifanyia, na labda aone aibu. Akatazama dirishani kweli. Akautazama ukuta wake kuanzia chini mpaka juu, bila haraka, kisha akanitazama mimi. Hakukuwa na mshtuko wowote usoni mwake. Alikuwa anajua. Alijua tangu siku ile ya kamba, nami ndiye niliyekuwa nimeishika nikimchekea.

"Umechoka, shemeji," alisema kwa upole. Akaitoa karatasi kwenye bahasha, akailaza mezani, akaweka kalamu juu yake. "Hatukuharakishi." Kisha akamshika dada yake mkono. "Twende kwangu, dada. Kule chakula kiko motoni."

Wifi alitoka akitikisa kichwa. Kabla hawajafika langoni nilimsikia akisema huyu mwanamke ujane umempanda kichwani, na kesho mtaa mzima utasema hivyo hivyo.

Maharage hayatupwi. Binti yangu aliyakusanya kutoka mabakuli yote, hata yale ya wifi, akayaosha mara tatu, tukayabandika jikoni. Nje saa sita ilikuwa imefika na mchicha wote umepata mwanga wake mfupi. Yalipoiva, jua lilikuwa limeondoka zamani. Tukala. Chumvi ilikuwa bado inakera ulimi.

"Mama," aliniuliza katikati ya tonge, "mbona kalamu haipo juu ya karatasi?"

"Kula, mwanangu," nikamwambia, nikiyatazama makaa nilikoitupia. "Kula yangali moto."