Bomba la Bertila

...halafu anasema zungusha kulia, kulia kwa nani, mimi nimelala chali chini ya mashine ya randa na yeye amekaa kwenye kigoda ananitazama miguu, kulia kwangu ni kushoto kwake, lakini baba ni fundi na fundi hana kushoto, nazungusha, bisibisi inateleza, klipu haibani, kati ya mdomo wa bati na bomba kumebaki nafasi ya kidole, kidole kizima, nakiingiza na kinapita, na baba anauliza kama imeshika, nasema bado, anasema huko chuo kikuu mlikuwa mnasoma nini basi, anacheka, kicheko kinageuka kikohozi anachokimeza haraka, ni baridi, atasema, baridi ya Njombe, mzee huyu hajawahi kukohoa vumbi maishani mwake, miaka arobaini amekohoa baridi tu... Sosholojia, baba, tulikuwa tunasoma sosholojia, lakini sisemi, naomba kipande cha tyubu ya baiskeli nizibe hiyo nafasi, anaanza kukitafuta, nasikia anapekua makopo, na huku juu yangu chuma cha mashine ni baridi kama kaburi la mtu usiyemjua. Fundi Elius aliyeleta haya madude Alhamisi kutoka Makambako alituchorea kila kitu kwenye boksi la sabuni, hapa mashine, hapa bomba, hapa feni, hapa pipa, randa inatema, feni inavuta, pipa linapokea, mtoto wa chekechea angeelewa, akasisitiza bomba liende moja kwa moja, msiweke kona, kwenye kona maranda yanakwama, na hakupita hata nusu saa baada ya pikapu yake kuondoka baba akaongeza kona mbili ili pipa likae nyuma ya nyumba, wageni wasilione, maana wageni watakuja, tangazo la pili la ndoa lilisomwa kanisani Jumapili iliyopita na Jumapili hii linasomwa la tatu, Ambrosi, mjane, wa Mjimwema, na Bertila, mjane, wa Makambako, mwenye kujua pingamizi aseme, na macho ya kanisa zima yakanigeukia mimi kana kwamba pingamizi nimelificha kwenye mkoba... Bertila hawezi vumbi, ndivyo baba alivyotuambia mezani, kama mtu anavyosema fulani hali maharage, hawezi vumbi, na kweli mwenyewe alikuja siku moja tu, akasimama mlangoni hapo wala hakuingia, akapitisha kidole kwenye dirisha, akakitazama, akasema, mbele yangu, bila kupunguza sauti, "Mzee Ambrosi, hili vumbi litoke kwanza, mimi nitafuata," na baba akacheka kama amepewa zawadi, na wiki mbili baadaye, mbili, nilizihesabu, feni na pipa na bomba la inchi nne vikashushwa uani, na mimi, binti msomi, Janeth niliyekuja likizo kupumzika, nikapewa bisibisi kwa sababu baba magoti hayamruhusu tena kuingia chini. Mama alilingoja bomba hili miaka ishirini na sita. Sikumpenda Bertila siku ile, nilimwona mwanamke wa kuja na masharti, nilimsimulia mdogo wangu Anjela kwa simu tukamcheka, tukamwita mkaguzi, na sasa nimelala kwenye maranda ya mbao za paini yanayoniwasha shingo na nashindwa kukumbuka tulichekea nini hasa, alizika mume aliyefanya kazi kwenye mashine za mbao, alijua anachokiangalia kwenye kile kidole... mama hakupitisha kidole, mama alipitisha ufagio, kila jioni mashine ikizimwa anajifunga kitenge puani anaingia, anatoka na nyusi nyeupe, anatucheka tulivyomwogopa, anasema nimezeeka leo mchana, na ule mlango wa kati, kati ya karakana na jikoni, alitundika shuka kuukuu, akawa analilowesha maji, kila likikauka analilowesha tena, sisi tukilala upande wa jikoni... baba ananipa tyubu, mkono wake tu ndio naouona, na anasema, polepole, kama anaendeleza mazungumzo tuliyokuwa nayo, "Mama yako, lakini, hakulalamika hata siku moja." Tyubu iko mkononi mwangu. Hakulalamika. Ameshajipangia, nafikiri, ndivyo atakavyomwambia Bertila, marehemu alikuwa mvumilivu, kifua chake kilikuwa dhaifu tangu kwao, na itakuwa historia, itasimuliwa kwenye chai, na pale hospitali makohozi yalipimwa mara tatu, si kifua kikuu, si kifua kikuu, si kifua kikuu, mpaka yule daktari kijana akaweka kalamu chini akamtazama mama akamuuliza, mama unafanya kazi gani, swali la kwanza la maana katika miezi minane, na mama akafungua mdomo... "Daktari alimuuliza kazi yake, baba," nasema, kutoka chini ya mashine, sauti inagonga bati na kunirudia, "ukajibu wewe. Ukasema hana kazi, yuko nyumbani tu." Kigoda kinalia kidogo. Nje jirani anaswaga ng'ombe wake, anapaza salamu, kamwene, baba haitikii, baba ambaye huitikia hata redio, na ninangoja akane au akasirike, ningemmudu akikasirika, nina maneno ya miaka tisa yamepangwa mstari, na anasema, bila ukali, kama anavyosoma kipimo kwenye futi kamba, "Na wewe ulikuwepo." Nilikuwepo. Kwenye benchi, kulia kwa mama, na mkoba wake mapajani mwangu, mwaka wa pili chuoni, wiki tatu tu tangu niandike kurasa kumi na nne kwamba kazi ya mwanamke nyumbani ni kazi, nikapata A, mwalimu akanisifia pembeni kwa wino mwekundu, na daktari akaandika mama wa nyumbani, akatuandikia dawa ya kikohozi, na mimi nikanyamaza kwa sababu binti hamsahihishi baba yake mbele ya watu, nikabeba chupa ya dawa, niliibeba vizuri sana... maneno yangu ya miaka tisa, yote ni ya kumshtaki yeye, hakuna hata moja la kunishtaki mimi, na Bertila asiyesoma kokote alihitaji kidole tu. Mama alikuwa anafagia karakana, nasema, kwa sauti, sijui namjibu nani, yule daktari alishahamishwa zamani, nimelala palepale, klipu haijabana, mashine haijawashwa, baba hajainuka, kazi yake ilikuwa kufagia karakana, vumbi lote hili, kila jioni, nasema, na kwa kuwa hakuna anayeandika, nasema tena.