Mikayi Kwanza

Kila asubuhi saa moja na robo, Lornah Ajwang alifungua kufuli mbili za saiba yake ya kompyuta za kukodi huko Obunga, akafagia vumbi la jana, akanyunyiza maji mlangoni, kisha akambonyeza Mikayi. Mikayi ndiye kompyuta ya kwanza kuingia katika chumba kile. Alikuwa na kioo chenye kichogo kinene kama jiwe la kusagia, na alihitaji dakika kumi na moja kuamka. Lornah alizitumia dakika hizo kunywa chai. Mikayi alipokwisha kuamka ndipo alipombonyeza Nyachira, na baada ya Nyachira, Reru.

Majina hayo aliyatoa marehemu mumewe, Oluoch, kwa utani. Katika boma la Kijaluo mikayi ni mke wa kwanza, nyachira wa pili, reru wa tatu. Na msimu wa kupanda ukifika, hakuna mke anayetia mbegu ardhini kabla mikayi hajatia yake. Oluoch alimnunua Mikayi mwaka 2008 kwa Bwana Amarjit, aliyekuwa akifunga duka lake la vipuri, na katika miaka yote aliyobaki hai hakuwahi kumwasha mwingine mbele yake. Kila alipomtanguliza alicheka. Kompyuta hazikucheka. Zilishika mila.

Jumatatu hiyo Atieno aliingia akiwa na barua mkononi na masizi shavuni. Hatua sita kutoka mlango wa saiba, Atieno alikaanga mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda kwa watu ambao hawataiona Obunga hata ndotoni. Alikuwa amekaa mahali pale pale miaka kumi na tisa. Barua ilitoka Idara ya Mageuzi ya Soko. Ilisema kila mfanyabiashara ajisajili katika tovuti mpya kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, kila mmoja katika kituo cha mtaa wake, na kituo cha Obunga ni saiba ya Lornah. Asiyejisajili, nafasi yake itapewa mwingine. Chini ya barua palikuwa na picha ya mtoto wa kigeni akiichekea simu.

“Nyar Asembo,” Atieno alisema, maana Lornah alizaliwa Asembo Bay, “niingize huko ndani haraka, mafuta yangu yako motoni.”

“Kaa. Lakini usiguse kibodi na hiyo mikono. Itanuka mpaka Krismasi.”

“Hii harufu imesomesha watoto wanne. Iamkie.”

Lornah alicheka, akamfungulia Mikayi tovuti. Maandishi yakatokea: *Kompyuta yako imepitwa na wakati. Tafadhali tumia kifaa cha kisasa. Tunakuthamini.* Alijaribu tena. Alithaminiwa tena. Akahamia kwa Nyachira, naye akaambiwa hayo hayo. Reru, aliyenunuliwa mwaka juzi, aliifungua mara moja, ikang’aa buluu kama sare ya shule. Lornah akaandika jina, nambari ya kitambulisho, aina ya biashara na mahali. Alipobonyeza pa kutuma fomu, Reru alisimama. Kwenye kioo chake, kwa herufi ndogo zenye heshima, pakaandikwa: *Mikayi hajaingia.*

Atieno alisoma, akafuta mikono kwenye kanga.

“Huyu ana adabu,” alisema.

“Adabu anayo,” Lornah alijibu. “Siku ndizo hatuna.”

Jumanne Lornah alivaa viatu vya kanisani, akaenda mjini kumwona Bwana Waliaula, mkuu wa Idara ya Mageuzi ya Soko. Bwana Waliaula alikuwa amehudhuria semina saba za teknolojia katika hoteli saba, na vyeti vyake saba vilijaa ukutani. Kompyuta yake mpya ilikuwa bado ndani ya nailoni. Aliweka kikombe cha chai juu yake, kwa sababu ilikuwa bapa na haikumwaga.

“Mama, hiyo mashine yako ni ya mwaka gani?”

“Mikayi ni wa 2008.”

“Tupa.”

“Ni mkubwa wa boma, Bwana. Mfungulie mlango mara moja tu. Aingie, atoke, wadogo wafuate. Mtu wangu atapoteza mahali pake Ijumaa.”

Bwana Waliaula alipuliza chai. Hakuona ajabu yoyote. Hata kwao kulikuwa na mambo ya nani atangulie.

“Mila naelewa, mama. Shida ni kwamba kwa fomu hakuna kisanduku.”

“Ongeza kisanduku.”

“Visanduku vinaongezwa na mshauri. Mshauri alimaliza kazi akaenda kwao.”

“Basi Atieno aje ajisajili hapa, kwa hii yako.”

Bwana Waliaula aliitazama kompyuta yake kama mtu aliyeombwa koti lake avae mwingine. “Hii si kituo,” alisema. “Hii ni ofisi.”

Lornah hakuondoka. Alikaa kwenye benchi hadi saa saba, mpaka mkuu alipotaka kwenda kula na kukuta magoti ya Lornah yameziba mlango. Hapo Bwana Waliaula alikumbuka kwamba ipo njia. Kama mkubwa ndiye kizuizi, mkubwa anaweza kutangazwa amekufa. Fomu ya kumaliza maisha ya kifaa ilikuwapo, nakala tatu, na ilikuwa na visanduku vyote. Lornah aliisoma mara mbili. Alimfikiria Atieno na miaka yake kumi na tisa ya moshi. Akatia sahihi, kama mtu anayesaini cheti cha kifo cha mama mkwe wake huku mama mkwe yuko sebuleni anakunywa uji.

Jumatano asubuhi fundi wa Idara, Fabian, alifika na koleo. Alimwamkia Lornah, akamwamkia Mikayi, akaukata waya wa umeme karibu kabisa na mgongo. Mikayi aliendelea kunguruma. Kioo chake kilibaki na picha ile ile ya maporomoko ya maji aliyoiweka Oluoch. Fabian alingoja dakika mbili, kwa ustaarabu.

“Hajajua,” alisema. “Wengine huwa wanachelewa kujua.”

Akaandika kwenye daftari: *Imekufa saa nne na dakika ishirini.* Kisha, kwa kuwa alikuwa pale tayari, akaomba Mikayi amchapie barua ya kuomba likizo. Mikayi akamchapia, akamrekebishia na tarehe.

Fabian alipopinda kona tu, vioo vya Nyachira na Reru vilizimika vikawa vyeusi tii. Lornah alibonyeza, akabonyeza tena. Akarudisha mkono mapajani. Alikuwa ameelewa, na alijua kwamba alipaswa kuelewa jana, pale kwenye meza ya mkuu, kabla ya kugusa kalamu. Mke mkubwa akifa, hakuna anayepanda hadi matanga yaishe, na mwanamke huombolezwa siku tatu.

Atieno alihesabu kwa vidole vyenye mafuta. “Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Wololo, saa kumi na moja ya Ijumaa itatukuta matangani.”

Lornah alimpigia Bwana Waliaula simu. Alimweleza kwamba marehemu amekufa kwa karatasi lakini wenzake wanaomboleza kwa kweli.

“Poleni sana,” Bwana Waliaula alisema. “Hayo sasa ni mambo ya familia.”

Majirani walikuja. Mama mmoja alileta mkate, mwingine sukari, wakaketi kwenye viti vya saiba wakimsema vizuri Mikayi: jinsi alivyoandika barua za kuomba kazi za nusu ya mtaa, jinsi alivyovumilia watoto wenye vidole vya maembe. Mikayi, bila waya, alichapa orodha ya waliofika, kwa mpangilio wa alfabeti. Alhamisi nayo ilikwenda hivyo. Atieno alikaanga samaki nje huku akiuangalia mlango wa saiba kila mara, kama mtu anayengoja daktari atoke.

Ijumaa saa nane mchana alishindwa kungoja. Aliepua karai, akaingia, akakaa mbele ya Mikayi.

“Tuongee na marehemu mwenyewe,” alimwambia Lornah. “Hawa wengine wanalia tu.”

Lornah akashika kipanya. Tovuti zote zilizo hai zilikuwa zimemfukuza Mikayi: ya Idara, ya benki, ya barua, hata ile ya kutabiri mvua. Lakini hakuna aliyemkataza kuingia katika zile zilizokufa. Mikayi alifikiri kidogo, akafungua tovuti ya baraza la zamani la mji, iliyozimwa miaka mingi iliyopita, ikiwa na maandishi ya kijani na samaki wa kuchora anayepiga mkia. Ndani yake mlikuwa na fomu ya leseni. Iliuliza maswali matatu: wewe nani, unauza nini, unakaa wapi. Atieno aliyajibu bila kufikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza jambo rahisi namna ile tangu barua ifike.

Mikayi alingoja dakika kumi na moja. Kisha printa ikakohoa, na leseni ikatoka, mhuri ukiwa mbichi, sahihi ikiwa ya karani wa baraza, Mzee Oduor. Mzee Oduor alizikwa mwaka 2012 na Obunga nzima ilikwenda. Alikuwa akila mgongo wazi wa Atieno kila Ijumaa mchana, amesimama, tai imetupwa begani. Kwenye pembe ya karatasi palikuwa na alama ya kidole cha mafuta.

Atieno aliinusa. “Bado hanawi mikono kabla ya kusaini,” alisema.

Walifika ofisini saa tisa na nusu. Bwana Waliaula aliiinua leseni kwenye mwanga wa dirisha, akawaita makarani wawili wa zamani. Wote walikubaliana kwamba mhuri ni wenyewe na sahihi ni yenyewe. Mmoja alisimama wima alipoisoma, maana Mzee Oduor ndiye aliyemfundisha kazi.

“Hii leseni ni halali kabisa,” Bwana Waliaula alisema. “Isipokuwa imetoka kwa ofisi iliyokufa.”

“Nyinyi mnajua kuua aliye hai,” Atieno alimwambia. “Kumpokea aliyekufa ndiko kunawashinda?”

“Mama, usipandishe sauti. Si mimi. Ni mfumo.”

“Mfumo unakaa wapi nikauone?”

“Kwa wingu.”

Atieno alitazama dirishani. Mawingu yalikuwapo, juu ya ziwa, mazito na meusi, na hakuna lililoonekana kuwa na haraka. Lornah alimkumbusha mkuu kwamba zimebaki saa moja na nusu, na kwamba nailoni ile inachanika kwa ukucha. Bwana Waliaula aliitoa leseni nakala, akaipiga nakala ile mhuri wa *Imepokelewa*, akaiweka kwenye faili la mambo yasiyo na kisanduku. Lilikuwa faili nene kuliko yote. Saa kumi na moja kamili tovuti ilifungwa. Saa kumi na moja na dakika moja Nyachira na Reru walijifuta machozi huko Obunga wakawaka wenyewe.

Jumatatu nafasi ya Atieno ilipewa shemeji yake Bwana Waliaula. Alikuwa amejisajili Alhamisi, katika kituo cha Obunga, bila kukanyaga Obunga. Alileta jokofu na samaki wa barafu waliotoka nchi ya mbali katika maboksi yenye maandishi ambayo hapana mtu ufukweni angeweza kuyasoma, na akaanza kuwauzia watu wanaoishi mwendo mfupi kutoka ziwani.

Atieno alihamisha jiko lake mita nne, ukutani mwa saiba. Leseni aliitia fremu, akaitundika juu ya karai. Tangu hapo askari wa kanjo, wale wa kukamata wachuuzi, huja kila Jumatatu saa tano. Huisoma leseni yote, kuanzia juu hadi chini. Huvua kofia kwa ajili ya Mzee Oduor. Mmoja huuliza kama marehemu hajambo, na Atieno humjibu kwamba anakula vizuri. Kisha huzivaa kofia zao, hulibeba karai na kwenda nalo.

Mwezi uliofuata Idara ilileta tovuti nyingine, mpya kuliko ile mpya. Bwana Waliaula alichana nailoni kwa mara ya kwanza, akawasha kompyuta yake, akaambiwa kwamba imepitwa na wakati na kwamba anathaminiwa. Akapiga simu moja. Alinunuliwa nyingine kabla ya chai ya saa nne, na ile ya kwanza ikabebwa stoo na Fabian, ambaye hakuwa na haja ya kukata waya wowote.

Asubuhi hiyo hiyo Lornah alifungua kufuli zake mbili, akafagia, akanyunyiza maji mlangoni, akambonyeza Mikayi asiye na waya, akakaa kunywa chai dakika kumi na moja. Nje, kwa mchanga na majivu, Atieno alikuwa akisugua karai jipya. La tano.