Kikohozi Handakini

Reli ya Otago, kusini mwa New Zealand, ilipong'olewa na kufanywa njia ya baiskeli, mimi niliyeendesha treni pale hadi mvi zikanitoka nilijiona ndimi mwenye njia. Siku mimi na mke wangu tulipofika kwa baiskeli kwenye handaki refu, tulikuta walimu watatu wa kike kutoka Invercargill wamesimama mlangoni, wanasitasita.

"Nifuateni, akina mama," nikasema, kifua mbele. "Handaki hili nalijua nje ndani."

"Lachie, chukua tochi," akasema mke wangu, Noeline.

"Tochi ya nini? Nimepita humu maisha yangu yote."

"Treni ilikuwa na taa, mzee wewe."

Nikajifanya sikusikia. Nikaingia nikikokota baiskeli, nikiwaeleza walimu habari za mawe na baruti kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Handaki lile lina kona. Tulipoipita, mwanga wa nyuma ukapotea, na maneno yangu nayo yakapotea.

Mtu akakohoa mbele yangu.

"Nani?" nikauliza. Akakohoa tena, karibu zaidi, kikohozi cha mzee mvuta kiko. Kisha kitu chenye unyevu kikanigusa kiganja.

Ningependa kusema nilipambana. Nilipiga yowe, nikaitupa baiskeli, nikakimbia upande nisioujua, nikajikwaa na kuangukia kitu laini. Nikakikumbatia. Noeline alipowasha tochi, nilikuwa nimemng'ang'ania kondoo, macho nimeyafumba, naye akinikoholea sikioni.

"Mume wangu," akasema, "mwachie apumue."

Walimu walicheka mpaka handaki zima likacheka. Mmoja alibeba baiskeli yangu, gurudumu limepinda. Noeline alimvuta kondoo kwa tufaha. Mimi nilishika pindo la koti la mke wangu kama mtoto wa chekechea.

Nje tuliketi kwenye nyasi, tukanywa chai.

"Ulipokuwa dereva hukuwahi kuogopa humu?" mwalimu mmoja akaniuliza.

"Kila safari," nikasema, na mwenyewe nikashangaa. "Clarrie, msaidizi wangu, alikuwa akiimba mpaka tutokee. Vibaya sana, lakini aliimba."

Noeline akanitazama. "Miaka yote hiyo, Lachie, hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulijigamba kwa mama yako kwamba umepata shujaa."

"Mama hakuamini hata siku moja," akasema, akacheka hadi chai ikamwagika. Nami nikacheka, huku kondoo akimaliza mkate wangu wa mchana pamoja na karatasi yake.