Waliomla Magala

Hoteli ya Mahmud pale kivukoni Garsen ilikuwa na meza nne, mabenchi marefu na picha ya Malkia iliyoliwa pembe na mchwa. Mwaka ule wa hamsini na sita maji ya Tana yalipanda, kivuko kikafungwa, na madereva wa malori ya kwenda Lamu wakakwama upande wa mjini wakisubiri mto ushuke. Hawakuwa na la kufanya. Waliamka, wakala, wakakosoa walichokula, wakalala, wakaamka wakala tena.

Bingwa wao wa kukosoa alikuwa Kenga, dereva Mgiriama mwenye tumbo dogo na maneno mengi. Alikuwa ameshakula katika kila hoteli ya njia ile kuanzia Mombasa hadi Mokowe, na akisema mchuzi wa mahali fulani ni maji, basi mwenye hoteli huyo ajue wateja wamekwisha.

"Mahmud wali anaujua," Kenga alisema mchana ule akijifuta vidole. "Nazi haikuzidi, chumvi imekaa. Chai ina moshi, lakini ni ya moto kweli. Mabenchi yana misumari, na inzi humu wamejengewa. Lakini nyama ya tangu jana, haki ya Mungu, sijaila kama hiyo. Halafu sahani inajazwa mpaka juu. Mtu akilalamika hapa ana lake jambo."

Nyama hiyo ilikuwa ng'ombe wa Darmi, na Darmi alikuwa hajaambiwa.

Darmi alikuwa mjane wa Kiorma, anakaa nje kidogo ya mji na binti yake Qabale na mjukuu wake Sabdio, ambaye hata kutambaa hajaanza. Qabale aliugua homa baada ya kujifungua, maziwa yakamkauka kifuani. Sabdio basi aliishi kwa maziwa ya Magala, ng'ombe pekee wa nyumba ile, wa rangi ya hudhurungi, mpole kama mtu wa nyumbani. Siku moja Magala alishuka kunywa maji kwenye malka, ile njia ya mifugo inayopita kati ya mashamba mpaka mtoni, kama walivyoshuka mama yake na bibi yake. Askari wa chifu wakamkamata. Kumbe karantini ilikuwa imetangazwa juzi yake, na malka ile iko upande uliokatazwa. Nani alitangaziwa? Si Darmi. Magala ndiye kabisa.

Chifu Wario alimwambia asiwe na wasiwasi. Ng'ombe atakaa katika boma la serikali, atatunzwa, mpaka Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aje asikilize kesi. Darmi aliomba aruhusiwe kuingia kumkama tu, kwa ajili ya mtoto. Akaambiwa boma la serikali si mahali pa wanawake kuingia na kutoka.

Sasa, ng'ombe wa Kiorma haachii maziwa kwa mtu yeyote tu. Anataka kuitwa jina, na anataka kuitwa na yule aliyemzoea. Asipoitwa huyazuia, na kiwele huvimba, na ng'ombe huumia. Kwa hiyo kila jioni Darmi alimbeba Sabdio mgongoni, akaenda kusimama nje ya ua wa miiba wa boma, nyuma tu ya hoteli ya Mahmud, akaita. Kuona ndani hakuweza. Aliita ili huko ndani yeyote anayekama apate, na Magala asiteseke. Alidhani labda huyo anayekama, akiwa na roho ya mtu, atamtolea mtoto kikombe. Hakuna aliyemtolea. Ila siku za kwanza Magala aliitikia, na Darmi alirudi nyumbani akiwa na nafuu.

Jioni ya siku ile Kenga alipoisifu nyama, Darmi alisimama mahali pake akaita, "Magala! Mama, achia! Magala!"

Bomani kimya.

Hotelini, Kenga alikuwa amepeleka tonge mdomoni. Alihisi kifua kimekuwa kizito, kisha kikapata joto, kisha shati likalowa mahali pawili. Akatazama. Yalikuwa maziwa, tena mengi, yanapita kitambaa na kudondoka ndani ya sahani ya bati. Dereva aliyeketi mbele yake naye alikuwa vivyo hivyo, na karani wa kivuko, na Mahmud mwenyewe, ambaye ana tabia ya kuonja kila chungu. Mzee mmoja aliyekuwa amekula mbaazi alibaki mkavu.

"Mahmud," Kenga alisema, "nyama yako tamu lakini inalowesha."

Mahmud aliomba radhi, akaleta kitambaa cha kufutia meza.

Darmi, kule nje, alisikia mlio anaoujua, maziwa yakigonga bati. Aliufuata mpaka mlangoni mwa hoteli. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwa Kenga, akachovya kidole kwenye shati lake, akalamba. Maziwa yalikuwa na chumvi kidogo, ya ng'ombe anayelishwa nyasi za delta.

"Ni huyu," akasema. "Ng'ombe yangu."

Mwanahamisi, mpishi, mama wa Kipokomo kutoka Idsowe, alitoka jikoni akifuta mikono. "Wa hudhurungi, Mama Qabale? Mwenye doa jeupe kwenye paji?"

"Ndiye."

"Basi pole, dada yangu. Amechinjwa jana. Aliletwa na askari wa chifu, nikajua wamenunua kwa mtu." Mwanahamisi akamgeukia tajiri yake. "Bwana Mahmud, ulinunua kwa nani?"

Mahmud alisema yeye hununua nyama, haulizi ukoo wake. Alisema pia kwamba Chifu alikwisha kuchukua nundu na paja, na nyingine alikaangiwa nyirinyiri, akatiliwa katika mtungi pamoja na samli, akapelekewa nyumbani. Alisema hivyo kama mtu anayesoma bei ya sukari. Mwanahamisi aliupiga mwiko chini akarudi jikoni, na usiku ule wali uliungua, na hakuna aliyethubutu kuukosoa.

Kenga aliomba kikombe. Aligeuka ukutani, akajikama kadiri alivyoweza, maana kazi hiyo hakuwahi kuifanya, akamkabidhi Darmi kikombe kwa mikono miwili. "Mpe mtoto, mama. Mimi sikujua, wallahi sikujua."

"Najua hukujua, mwanangu," Darmi akasema. Sabdio alikunywa mpaka mwisho, akacheua, akalala.

Siku zilizofuata madereva walikuwa wakijipanga nyuma ya hoteli jioni. Darmi anaita, wao wanajikama, mtoto anakunywa. Mmoja alikuwa na maziwa kidogo kwa sababu alikula mchuzi bila mnofu. Hakuna aliyeona ajabu. Walilalamika tu kwamba sabuni inakwisha.

Bwana Shauri alifika Jumatatu kwa motaboti. Kabla ya baraza alikula kwa Chifu, kama ilivyo ada. Kisha meza ikawekwa chini ya turubai, watu wakaketi chini, na Chifu akasimama katika kanzu nyeupe na koti jeusi. Kesi ya Darmi ikaitwa.

"Ng'ombe wa mama huyu alivunja karantini," Chifu alisema. "Tukamshika kwa mujibu wa sheria. Yuko katika boma, mzima, ananenepa. Mama huyu ana haraka tu."

Darmi alisimama. Kiswahili chake hakikuwa kirefu, na hasira ilikuwa imekifupisha zaidi. "Bwana, huyu anasema uongo. Ng'ombe yangu hayuko boma. Ng'ombe yangu yuko hapa." Akamwonyesha Chifu kidole tumboni. Akavuta pumzi, akaita, "Magala! Mama, achia!"

Kanzu ya Chifu ililowa pande zote mbili. Alikuwa amekula nyirinyiri asubuhi, mchana na jioni, na maziwa yalimtoka kuliko dereva yeyote, yakashuka mpaka kwenye mshipi, yakadondokea viatu. Alijaribu kufunga koti. Koti nalo likalowa. Bwana Shauri, mezani, alivua kofia yake akaiweka kifuani, na akaendelea kuishikilia hapo.

Umati wote uliona. Mtu mmoja nyuma alisema hayo ni maziwa ya ng'ombe mzuri, na wenzake wakakubali.

Darmi alimshusha Sabdio mgongoni. Akamwendea Chifu, akamnyooshea mtoto. "Maziwa ni yake. Ng'ombe umekula, sawa, amekwenda. Maziwa bado. Mnyonyeshe."

"Una wazimu!" Chifu akarudi nyuma. "Mimi ni mwanamume. Tena mtu wa serikali."

"Kula ulikula kama mwanamume," Darmi akasema. "Mnyonyeshe."

Mtoto alisikia harufu, akageuza kichwa kuelekea ile kanzu, akafungua mdomo. Kila aliyekuwa na macho alimwona. Chifu Wario alikusanya mikono kifuani, akabana, maziwa yakapita kwenye vidole na kumwagika mavumbini mbele ya mtoto mwenye njaa. Mtu mzima, ana mke, ana watoto, anaswali! Hakuona haya hata ya kutazama pembeni.

Bwana Shauri alifikiri, kofia ikiwa palepale. Kisha akatoa uamuzi, na mkalimani akautafsiri. Alisema ng'ombe kuvunja karantini ni kosa kubwa. Alisema suala la ng'ombe huyo yuko wapi litachunguzwa, na kwa kuwa Chifu ndiye anayejua habari za boma, Chifu atachunguza. Kuhusu maziwa, alisema ni maziwa ya ng'ombe wa karantini, kwa hiyo hayaruhusiwi kugawiwa mtu yeyote. Wenye maziwa hayo mwilini wanaruhusiwa kwenda watakako, kwa sababu wao ni watu. Mwisho alimwonya mama asipige kelele tena barazani.

"Na mtoto?" Darmi akauliza.

Mkalimani hakulitafsiri hilo. Kesi nyingine ilikwisha kuitwa.

Maji yalishuka wiki ile. Malori yakapandishwa kwenye kivuko moja moja. Kenga alikuwa wa mwisho. Alijikama kikombe kimoja cha kuaga, na kilikuwa nusu tu, maana Magala alikuwa anakwisha mwilini mwake. Alipofika Witu watu walimuuliza kuhusu hoteli ya Garsen. Alisema wali mzuri, nyama laini, sahani zinajaa, ila usiende na shati jipya, na ukiweza kula mbaazi. Watu walisikia habari ya sahani kujaa. Hiyo ya mbaazi iliwapita.

Mahmud akapata wateja kuliko zamani. Alinunua vitambaa vyeupe, akamfungia kila mteja kimoja kifuani kabla ya kuleta chakula, na wasafiri wakasema sasa hoteli imekuwa ya heshima, kama za Mombasa. Bomani ng'ombe waliendelea kuingia. Wanawake wengine wa Kiorma walianza kuja jioni kusimama nje ya ua, kila mmoja akiita wake, na ndani vitambaa vikalowa, huyu kwa jina hili, yule kwa jina lile. Basi wenye ng'ombe walijua. Walijua kwa hakika, wakiona kwa macho yao, nani amemla nani. Kujua kwao hakukumrudisha hata ndama.

Chifu ndiye aliyechoka kwanza, kwa sababu mkewe alichoka kufua. Akatoa amri kwamba ni marufuku mwanamke kuita ng'ombe kwa jina mahali popote panaposikika kutoka mjini. Askari walizunguka jioni kusikiliza. Wanawake wakakama midomo imefungwa, na ng'ombe wao walio hai, ambao hawakuwa na kosa lolote, wakazuia maziwa. Watoto walilia mtaa mzima. Hotelini Chifu alikula akiwa mkavu, akasema sasa mahali pametulia, mtu anaweza kusikia ladha ya chakula.

Darmi alimpeleka Qabale na Sabdio kwa dada yake huko juu, Chewele, ambako kulikuwa bado na ng'ombe na hakuna wa kusikiliza. Mtoto alikuwa mwepesi mikononi kuliko alipozaliwa. Darmi hakujua kama atafika. Aliwasindikiza mpaka jua lilipokuwa kali, akarudi mjini peke yake, akasimama mlangoni mwa hoteli, kwa kuwa hakuwa tena na pa kusimama.

Msafiri mmoja alishuka kutoka kwenye lori, mgeni, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Aliona mama mtu mzima amesimama pale, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Chakula cha hapa kikoje? Nimesikia nyama yao ni nzuri."

"Marahaba," Darmi akasema. "Ni nzuri. Tumeilea wenyewe."

Mgeni akamshukuru, akaingia ndani, akafungiwa kitambaa, akaagiza sahani mbili.