Wageni Waliokataa Kikombe

Nadine alikifunga kitabu kwa kishindo hadi Mwanahawa mwenye duka akaacha kupima unga. Hasira zilikuwa zimempanda.

Kitabu cha kwanza walikipenda wote watatu: yeye, Mwanahawa, na Esteri, mama yake Nadine, ambaye macho yake yamechoka na husomewa. Humo wageni wa sayari nyingine walitua mlimani, watu wakawapokea vizuri. Hiki cha pili walikingoja kwa hamu, na Mwanahawa akakiagiza Dar. Sasa ona upuuzi wake! Wageni wanapewa kinywaji, wanakitazama tu, hawanywi. Kamanda anasema basi hao ni maadui, mizinga inafyatuliwa, na mwandishi anashangilia.

"Wamewaua kwa ajili ya kikombe," Nadine alisema. "Hakuna hata mmoja aliyewauliza kwa nini hawanywi."

Mwanahawa hakuona kosa. Anayekataa kikombe chako amekudharau, awe ametoka angani au ni jirani. Kisha akashindwa kujizuia, akamtazama Esteri kwenye benchi. Tangu familia ya Esteri ihamie Kasulu kutoka Munanila, kila jioni humpa chai, na kila jioni chai hupoa vilevile.

"Mama yako ananiona mchawi," alisema.

Nadine alimwambia aache kumvunjia mama yake heshima, mama hapendi chai, imekuwa kesi? Hivyo ndivyo alivyoamini siku zote.

"Chai naipenda," Esteri alisema taratibu. "Kwetu anayekupa anaonja kwanza, ukimwona. Ndiyo unajua hakuna sumu. Mimi nasubiri."

Mwanahawa alishika kiuno. Kwao Pangani, alisema, kumpa mgeni kikombe ulichokitia mdomo ni tusi kubwa. Miaka yote hii alikuwa akimheshimu!

Mwanahawa akakichukua kikombe cha jioni hiyo, akapiga funda moja mbele ya Esteri, akampa kwa mikono miwili. Esteri akanywa mpaka chini.

"Kumbe unatia tangawizi," alisema.

Mwanahawa akageuka upesi kwenye unga wake, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nadine alikitazama kitabu. Mle ndani wageni walikuwa wamekufa vilevile, kila mmoja, na kamanda alikuwa akivishwa nishani. Alikisukuma hadi mwisho wa meza, akasema hicho hakisomi tena.